Uso Nilioupa Mgongo

Vijana wa hapa mtaani wakitaka kunichokoza huniambia, "Bibi, kaa vizuri tukupige picha," halafu wanakandamiza kidole kwenye simu bila kukiachia, na simu inalia cha-cha-cha-cha. Picha ishirini za kikongwe mmoja aliyeshika kikombe cha chai. Kisha wanakaa kuzifuta. Wenzangu wa rika langu huguna wakiona hivyo. Husema enzi zetu picha ilikuwa picha: mtu alioga, akapaka mafuta, akakaa, akapigwa mara moja, basi. Kwenye maneno hayo mimi simo. Nilikuwa mpiga picha katika enzi hizo wanazozisifu, na haki ya Mungu, ile picha moja moja ilitunyima mengi. Mimi ilikaribia kuninyima sura ya mama yangu mzazi.

Nilianza kazi Bukoba mjini miaka michache baada ya Uhuru. Mwenye studio alikuwa mzee Mwislamu ambaye babu zake walitoka pwani, lakini yeye kazaliwa Bukoba na Kihaya anakisema bila kukwama. Alikuwa na shida moja. Wanawake wa jamaa zake hawakutaka kufunua mtandio mbele ya mpiga picha mwanamume, na hata wakikubali, waume zao hawakubali. Akaulizia binti aliyesoma na asiyeogopa mashine. Mwalimu wangu wa kule Muleba akanitaja mimi. Nilikuwa nimemaliza shule, mchumba sina, na mdomo ninao. Nikachukuliwa.

Mwanzoni wateja wa Kihaya waliingia, wakaniona nimesimama pale, wakauliza, "Mpiga picha yuko wapi?"

"Ametoka," nawajibu. "Kaeni kwanza kwenye kiti." Nawasha taa, nawanyoosha kola, napiga. Wakishuka kwenye kiti wanauliza tena, "Sasa anarudi saa ngapi?"

"Ameshakuja na ameshaondoka. Picha Ijumaa."

Kazi niliipenda mno. Kilichonishinda ni kurudi chumbani. Nilipanga mtaa wa Kashai, chumba kimoja chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani, na pale uani kila mlango ulikuwa na mume, mke na watoto, isipokuwa mlango wangu. Msichana anayekaa peke yake na kununua mafuta yake ya taa mwenyewe alikuwa na majina mengi mjini kwetu siku hizo, hakuna hata moja zuri. Wanawake wa uani walinisalimia vizuri tu, ila stuli hawakunivutia. Na sikujua kupika ndizi za mtu mmoja. Kwetu ndizi hupikwa za nyumba nzima: unamenya, unapanga sufuriani, unafunika na majani. Nilipika hivyo hivyo nilivyofundishwa, nikala kidogo, zilizobaki nikazitazama. Nilikuwa mpweke, sina haja ya kulizungusha neno hilo.

Mama alibaki Muleba kwenye kibanja, shamba letu la migomba. Baba alikufa nikiwa mdogo sana. Nakumbuka mikono yake ikifunga mkungu kwa kamba, uso sina, wala picha yake hakuna, kwa sababu hakuna aliyewahi kumpiga. Watoto wawili walionitangulia walifariki wakiwa hawajaanza kutembea. Kwa hiyo tulikuwa wawili, mama na mimi, na nilipopata kazi mjini akawa mmoja. Sikumwona akilalamika hata siku moja. Nilipokwenda kumwona alinilisha, akanipa mzigo wa ndizi na kahawa ya kutafuna, akasema, "Niko salama, mwana wange. Nenda, kazi isikungoje." Nami nilimwamini, kwa kuwa alisema huku anachambua maharage, mikono haitulii.

Nilikuwa na picha zake tatu. Moja nilimpiga alipokuja mjini, mbili nilimpiga nyumbani, siku ambazo mzee aliniazima kamera. Zote tatu mama anatazama chini. Unaona kilemba, unaona paji la uso, unaona kope. Ukitaka kujua mama yangu alikuwa na macho ya namna gani, picha hizo hazikuambii kitu.

Jumapili moja baada ya misa mvua ilinifungia ndani. Nilikaa kitandani, bati linapiga kelele, nikajaribu kumfikiria mama ili nisijisikie vibaya. Kilichokuja ni kilemba. Nikajaribu tena. Kilemba, paji, kope. Zile picha tatu nilizokuwa nazitazama kila siku zilikuwa zimekaa juu ya sura yake na kuifunika. Nilipata hofu ambayo sijui niieleze vipi. Baba nilikuwa nimempoteza hivyo hivyo, kwanza mtu, halafu uso. Nikasema, huyu simwachii. Lazima nipate picha moja tu ambayo mama ananiangalia.

Jamani, rahisi kusema.

Kamera yetu ilikuwa ile ya macho mawili, moja juu ya jingine. Huiweki usoni. Unaishika tumboni, unafungua kifuniko cha juu, unainamisha kichwa na kuchungulia kioo. Siku moja akaja bibi wa Kanazi, amevaa gauni la kanisani, mtoto wake ameomba picha. Nikamkalisha, nikamwambia atazame kamera, akatazama vizuri kabisa. Nikainama kuchungulia. Nikasikia sauti ya upole kutoka kwenye kiti:

"Mpola, mwana wange."

Na kidole changu kikabonyeza. Bibi alikuwa ameniitikia salamu.

Nilicheka hadi nikakaa chini. Mzee akatoka ndani mbio, "Lahaula! Filamu hiyo!" Lakini bibi hakuwa na kosa. Kwetu mdogo akimwendea mkubwa anashuka, anainamisha kichwa, anasubiri. Mkubwa naye hamkodolei macho. Anateremsha yake, anaitika taratibu. Mimi binti mdogo namsimamia bibi wa watu, nainamisha kichwa mpaka kidevu kinagusa kifua, halafu nategemea asiitike? Hata mimi ningeitika. Nikazikumbuka picha zetu zote za vikongwe, wake kwa waume, wenye midomo iliyofunguka kidogo na macho yaliyolala. Tulikuwa tukiwalaumu kwamba wanasinzia. Maskini ya Mungu, walikuwa wananiitikia.

Nikajua na mama ni hivyo. Nikafurahi, maana ugonjwa ukijulikana dawa inatafutwa. Safari iliyofuata nilibeba kamera, nikamsimamisha mama mbele ya nyumba, nikaweka kreti ya bia juu ya kinu, na kamera juu ya kreti, ili nichungulie nikiwa nimesimama wima bila kuinama.

"Mama, niangalie."

"Nakuangalia."

"Huniangalii, unaangalia miguu yangu."

"Si ni yako?"

"Mama!"

Akainua macho, akacheka, nami nikabonyeza, na kati ya kucheka kwake na kubonyeza kwangu macho yalikuwa yameshashuka. Nilijua palepale kwamba nimemkosa. Na sikuweza kurudia. Filamu ilikuwa na picha kumi na mbili, kumi na moja za wateja, na enzi hizo filamu ilipatikana kwa kudra. Ile moja ya mama niliiomba kwa mzee kwa maneno mengi. Nikafunga kamera na hasira zangu. Mama akaniuliza, "Hiyo picha unaitakia nini, nami nipo?" Sikuwa na jibu la kumpa mtu aliye hai.

Nilijaribu tena mara kadhaa kwa miaka. Nilimpiga akigeuka, nilimpiga nikijifanya natengeneza kamera. Kila mara mkono wangu ulifika macho yakiwa yameondoka. Jicho la mtu halikuombi ruhusa. Linapepesa, linashuka, linapanda, na wewe na picha yako moja umesimama pale unabahatisha. Nikaanza kuamini kwamba mama yangu ni mtu asiyepigika, na nikirudi Kashai nilikuwa na huzuni ya namna mpya, ya kumkosa mtu ambaye nimetoka kumwona asubuhi ile ile.

Ikaja miaka ya vijiji vya ujamaa. Kwetu watu hawakuhamishwa sana, migomba haihamishiki, lakini kila kijiji kilipata shamba la pamoja na siku za kwenda kulima huko, na mama alikwenda na jembe lake kama wengine. Basi akatumwa mpiga picha kutoka Dar es Salaam, aje mkoani kwetu, Ziwa Magharibi kama ulivyoitwa, apige picha za wananchi wakijenga taifa. Alihitaji mahali pa kusafishia filamu na mtu anayejua njia na Kihaya. Mzee akanitoa mimi.

Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mcheshi, viatu vimeshashindwa na matope yetu. Shingoni alining'iniza kamera ndogo nyeusi yenye kitu kinene chini yake. Mzee akamuuliza hicho ni nini. Akasema ni mota. Ukibonyeza, filamu inajizungusha yenyewe, inapiga mfululizo mpaka uachie. Akaonyesha bila filamu: trrrrrr.

Mzee alishika kichwa. "Kijana, haraka haraka haina baraka."

"Mzee wangu, ngoja ngoja nayo huumiza matumbo."

Mzee hakupenda, lakini nilimwona anaitazama ile mota kwa jicho la pembeni.

Tukaondoka na landrova ya serikali hadi Muleba. Kijiji kilichochaguliwa hakikuwa chetu, ila kilipakana na chetu. Wanawake walipanga mstari shambani, balozi wa nyumba kumi anawahimiza kwa sauti kwa vile kuna mgeni, majembe yanapanda na kushuka. Yule bwana akapiga goti kwenye tope na kubonyeza. Trrrrr. Akahamia upande wa pili. Trrrrr. Mimi pembeni nilikuwa naumwa. Pale shambani aliteketeza kwa asubuhi moja filamu ambayo studio yetu ingeitumia miezi.

"Kaka, unamwaga," nikamwambia. Sikuweza kunyamaza.

"Namwaga nini?"

"Filamu! Picha zote hizo za jembe moja!"

Akacheka. Akaniambia nimtazame mama mmoja aliyekuwa akilima mbele yetu. "Jembe likiwa juu, mkono unamziba uso. Likiwa chini, ameinama, uso huuoni. Uso wake unaonekana wapi?"

Nikatazama. Ulionekana jembe likiwa njiani, linaposhuka, kwa muda mdogo sana, na muda huo ndio alikuwa anauma mdomo kwa nguvu. "Hapo," nikasema, lakini nilipotamka "hapo" jembe lilikuwa limeshafika chini.

"Umeona? Umechelewa, na wewe ni mpiga picha. Mkono wa mtu siku zote unachelewa. Ukishaona, kimeshapita. Mimi sibahatishi, dada. Napiga kabla, napiga wakati wake, napiga baada, halafu nakwenda kuchagua."

Nilisimama pale tope limenifika kwenye vifundo vya miguu. Nilikuwa nasikia habari ya mama yangu. Nikamweleza yote bila kupumua: salamu, kreti, kinu, kope. Nikamwambia nyumbani si mbali, ni njiani tunakorudi, nikamwomba anisaidie kwa picha zitakazobaki.

Hakuringa. Akasema, "Filamu ya mwisho ina picha chache. Twende kwa mama."

Mama alitupokea kama anavyopokea wageni wote, kwa haraka na kwa aibu. Alileta kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, akaomba radhi kwamba hakuna kitu, huku anatuwekea ndizi na maharage na samaki. Yule bwana alikula sana, mama akafurahi. Baadaye yule bwana akatoka naye uani, akamtazama kidogo bila kuinua kamera, kisha akanivuta pembeni.

"Ukimwambia aangalie, haangalii. Usimwambie kitu. Muage. Muage kama unavyomuaga siku zote, uende kwenye gari, usigeuke mpaka nikwambie."

"Sasa kama mimi naondoka, atamwangalia nani?"

"Fanya tu, dada."

Nikaenda kumuaga mama. Nilipiga magoti, akateremsha macho, akasema yale yale: niko salama, nenda, kazi isikungoje. Nikainuka, nikampa mgongo, nikaifuata njia ya katikati ya migomba kuelekea kwenye landrova. Nyuma yangu nikasikia trrrrrr, ndefu, mpaka ikaisha yenyewe. Nilipogeuka mama alikuwa anacheka, ndiyo kwanza anaziba mdomo kwa mkono, anamwambia yule bwana kwa Kihaya kwamba mashine yake imekula maharage. Alicheka vizuri, macho juu, nikasema asante Mungu, hata kama ni hiyo tu, tumepata.

Filamu tulisafisha siku iliyofuata. Yule bwana alikaa nje na mzee wakinywa kahawa na kubishana, mimi nikaachiwa chumba cha giza. Nikazichapa zile za mama moja baada ya nyingine, nikazitumbukiza kwenye dawa, chini ya taa nyekundu, zikaanza kujitokeza.

Ya kwanza, kope. Nilizizoea. Ya pili, kope zimeinuka kidogo. Ya mwisho, kicheko. Lakini katikati palikuwa na mama ambaye simjui.

Alikuwa ameinua uso wote. Mikono, ile mikono isiyotulia, ilikuwa imening'inia tu, haina kazi. Mdomo umelegea. Macho yalikuwa makubwa kuliko nilivyowahi kuyaona, na yalikuwa yanafuata kitu kinachokwenda, na kitu hicho kilikuwa mimi. Hakuwa analia. Ingekuwa afadhali alie. Alikuwa na uso wa mtu aliyefungiwa mlango. Picha iliyofuata ilikuwa uso huo huo, ila shingo imeongezeka kurefuka, kwa sababu nilikuwa nimepita mgomba na ananitafuta upande wa pili. Kisha labda ndipo alipoisikia mota, akamkumbuka mgeni, na uso ukafungwa palepale, kikawekwa kicheko.

Miaka yote ile nilidhani ninayeumia ni mimi. Mimi na ndizi zangu za nyumba nzima kule Kashai. Kumbe kila nilipoondoka nilikuwa naacha hilo nyuma yangu, na kabla sijafika barabarani yeye alikuwa ameshalifuta. Jicho langu lisingeliona hata ningeishi miaka mia, maana lilikuja nikishageuka na kuondoka kabla sijageuka tena. Nililia mle gizani mpaka mzee akagonga mlango akiuliza kama nimeunguza karatasi.

Yule bwana alipoziona hakusema kitu cha kujisifu. Alichukua mkasi, akakata kile kipande cha negativu, akanipa. "Za ujamaa zangu," akasema. "Za mama zako." Sijui naye alimwacha nani Dar es Salaam. Sikumuuliza, na sikumwona tena.

Jumamosi nilipanda basi kwenda Muleba na picha kwenye bahasha. Sikumwandaa mama, sina tabia hiyo. Alipika, tukakaa chini kwenye nyasi za sakafuni, sahani katikati, nikamwekea mbele ile ya kucheka. Akaishika kwa ncha za vidole. "Loo! Nina mapengo hivi?" Akacheka tena kama kwenye picha. Akasema ataiweka ukutani karibu na msalaba, wageni waione.

Kisha nikamwekea ile nyingine.

Nilitegemea aone haya, au akasirike. Akaigusa kwenye shavu kwa kidole.

"Hii umeipata wapi?" akaniuliza. "Huyu ni mama yangu."

"Mama, ni wewe. Ni kilemba chako hicho."

"Kilemba changu. Uso wa mama." Hakuinua macho kutoka kwenye picha. "Siku walipokuja kunichukua niolewe, alisimama hivi. Shangazi zangu walikuwa wamenishika huku na huku, tunakwenda, wanaimba. Mimi nikageuka. Nikamwona anaangalia hivi. Nikakaa chini njiani pale pale, na nguo za harusi, nikasema siendi. Wakanibeba. Nilifika kwa baba yako, nikapewa kibanja, nikapewa kila kitu, na mwaka mzima nilikuwa napika kwake na moyo uko kule umesimama na mama. Sikufaa kitu. Baba yako alikuwa mwema, alingoja."

Sikujua hayo. Hakuwahi kunisimulia habari za kuolewa kwake, nami sikuwahi kuuliza.

"Nikasema mwanangu huo uso hatauona," akasema. "Nilijifunza. Unateremsha macho, unashika kazi mkononi, unasema nenda. Akishageuka, basi, unaangalia utakavyo."

Kwa hiyo haikuwa salamu. Kwa bibi wa Kanazi ilikuwa salamu. Kwa mama yangu, tangu siku ya kwanza nilipobeba sanduku, kamera au bila kamera, ilikuwa kitu kingine. Niliona hasira inanipanda, sijui ya nani, na machozi yakaja pamoja nayo.

"Miaka yote hii, mama! Kwa nini hukuniambia? Neno moja tu. Ungesema tu kwamba unaumia."

Akaigeuza ile picha, akaiweka chini kifudifudi, polepole, na kwa mara ya kwanza akaniangalia machoni na hakuyaondoa.

"Ningesema," akaniuliza, "ungeondoka?"

Nikaitazama ile picha iliyolala kifudifudi.

"Nisingeondoka."

"Haya," akasema mama, akanisogezea sahani. "Kula basi. Ndizi zinapoa, na gari halitakungoja."